Kushusha Mashua Kwenye Bwawa la Juu

Kabla sijasema lolote kuhusu mashua, angalieni miguu yenu. Wiki iliyopita mlipokuja kwangu hapa Kimumu, nyinyi wa kile kikundi cha vijana mlionunua mashua ya kutembeza wageni bwawani, niliona baadhi yenu mmevaa raba nyeupe, nzuri kweli, lakini chini ni laini kama sahani. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa wageni na chai ilikuwa haijaiva. Sasa nasema. Kwa raba zile mtajifunza kuogelea kabla hamjajifunza kushusha mashua.

Mliniuliza swali zuri. Mtaishushaje mashua kwenye ile saruji yenye utelezi, na kuipandisha tena, bila mtu kuumia? Niliwajibu kwa maneno machache, mkaandika kwa simu zenu, mkashukuru, mkaenda. Mlipoondoka nikaona nimewapa mifupa bila nyama. Kwa hivyo nimeketi niwaandikie, na mtanisamehe nikirukaruka, maana kumbukumbu zangu hazikai kwa mstari.

Jina langu ni Wambui, lakini wazee wa upande wa bwawa nililofanyia kazi wananijua kama Mama Trekta. Nilizaliwa Ainabkoi. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja huku kulima, na baba alikuwa dereva katika shamba kubwa la ngano. Kaka zangu walikuwa shuleni, ngano nayo ikiiva haingoji mtu, basi akanifundisha mimi. Nilipokuja kuajiriwa bwawani, miaka ile ya chama kimoja, picha ya rais ikiwa imetundikwa hata kwenye kibanda cha mlinzi, nilikuwa tayari mama wa watoto wawili na nilikuwa nimezoea kuangaliwa na watu kama maajabu kila nilipopanda trekta.

Bwawa lenyewe lilikuwa na jina rasmi kwenye kibao, lakini sisi tulilijua kama Bwawa la Juu. Maji yake yaliteremka mpaka mjini. Kila asubuhi mashua ilitoka kuchota maji ya kupimwa, na kuondoa magugu yaliyoziba mdomo wa bomba. Ilikuwa mashua ya mbao, nzito, imepakwa rangi ya kijani mara nyingi mpaka rangi ikawa nene kama gome la mti. Ilikaa juu ya trela, trela ikavutwa na trekta, na trekta ilikuwa yangu.

Tulikuwa watu watatu. Msimamizi alikuwa Bwana Kirwa, mwenyeji wa pale pale, ambaye boma la baba yake lilionekana kutoka juu ya ukuta wa bwawa. Mwenye mashua, yaani aliyeiendesha na kuitunza, alikuwa Mzee Makokha. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka ilibidi umsogelee ndipo usikie. Alikuwa amekulia Budalang'i, ambako mto ukifura mashua huingia mpaka jikoni, na alizungumzia maji vile mtu anavyozungumzia shemeji yake, kwa heshima, lakini bila kumwamini kabisa.

Siku yangu ya kwanza nilifika trekta ikinguruma, nikitaka waone kwamba mwanamke anajua. Nikaanza kurudi nyuma na trela kuelekea majini. Mzee Makokha akaja akasimama mbele ya trekta, si nyuma, akainua mkono.

"Zima."

Nikazima.

"Shuka. Toa viatu. Twende tutembee."

"Mzee, kurudisha trela najua. Nimefanya hii kazi tangu nikiwa msichana."

"Trela unajua," akasema. "Huu mteremko ndio hamjajuana bado."

Akanipa fimbo, tukashuka kwa miguu. Juu saruji ilikuwa kavu, na chapa za fagio la fundi bado zilionekana. Chini kidogo ikawa na unyevu. Halafu nikafika mahali palipong'aa, kijani iliyokolea, na nilipokanyaga, mguu ukaenda wenyewe kama nimekanyaga mrenda uliomwagika. Nilimshika mzee mkono. Yeye alikuwa ameshajiweka tayari kushikwa.

"Huo ndio mpaka," akasema. "Juu ya hapo hakuna shida. Hapa, mahali maji yameondoka juzi, ndipo watu huvunjika kiuno. Na huu mpaka unahama. Leo uko hapa, kiangazi kikikolea utaukuta kule chini, mvua ikinyesha unapanda. Kila asubuhi njoo uusalimie kwanza. Ndio uwashe trekta."

Vijana, hilo ndilo somo la kwanza, na nilikaa kazini mpaka nikastaafu bila kupata lingine lililo kubwa zaidi. Tembea kwa miguu mahali gurudumu litakapopita. Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu utelezi mbaya zaidi hauonekani ukiwa umesimama juu. Unausikia kwa unyayo, au kwa fimbo inapoteleza badala ya kuuma.

Somo la pili linatokana na la kwanza. Trekta haivuki mpaka. Tulirudi nyuma mpaka karibu na kile kijani, tukaweka magogo nyuma ya magurudumu ya trekta, kisha tukaifungua trela na kuiteremsha polepole kwa waya wa winchi, ile mashine ya mkono ya kukunjia waya. Trela inaweza kulowa, haina injini. Nyinyi mtatumia gari la mtu, na nawajua, mtataka kulirudisha mpaka maji yafike kwenye ekzosi ili mashua ielee haraka. Mzee Makokha angewauliza, "Haraka ya nini, na bwawa haliendi popote?"

Kuhusu viatu. Idara ya maji ilitupa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Gambuti ni nzuri shambani, lakini kwenye mteremko ni adui. Chini huwa laini zikichakaa, na ukianguka majini zinajaa na kuwa nzito kama ndoo mbili. Mzee Makokha alivaa akala, zile ndala za tairi, na akazizungushia kamba ya mkonge, mizunguko mitatu minne chini ya unyayo. Mkonge ukilowa unauma saruji. Nilimcheka wiki ya kwanza, wiki ya pili nikaenda sokoni kununua zangu. Na kutembea kwenyewe kuna namna yake. Usiteremke ukitanguliza kifua. Geuka upande, piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo. Kama bata, ndiyo. Bora ufanane na bata mzima kuliko kufanana na mtu mwenye plasta.

Kuna makosa yaliyotufundisha, na mengine yalituchekesha kwanza. Chini ya mashua, nyuma, kuna tundu la kutolea maji ikiwa juu ya trela. Tundu hilo lina kizibo. Asubuhi moja Bwana Kirwa alisema ataitayarisha mashua mwenyewe kwa kuwa Mzee Makokha alikuwa na homa kidogo. Akaikagua kila mahali, akapanda, nikamshusha vizuri sana. Akapiga makasia akienda huku akiimba. Tulimwona akiacha kuimba. Halafu tukamwona akiangalia viatu vyake. Mzee Makokha, aliyekuwa ameketi juani na blanketi mabegani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kizibo, akakiangalia.

"Nilikuwa nakiosha," akasema.

Kirwa alirudi akichota maji kwa kofia. Kuanzia siku hiyo kizibo kilifungwa kwa uzi kwenye ubao wa mashua, na hakuna aliyeruhusiwa kukitoa akaondoka nacho, hata mwenye homa. Fanyeni hivyo kwa yenu. Uzi ni kitu kidogo.

Mwingine alikuwa kibarua aliyeletwa kutusaidia kusugua mteremko. Tuliusugua kila mara kwa brashi ngumu na mchanga. Ni kazi ya mgongo, lakini hakuna dawa nyingine. Huyu akaona tunajichosha bure, akaja na sabuni ya unga. Mteremko ukawa na povu kutoka juu mpaka chini, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuujaribu. Alikwenda ameketi, mikono juu, mpaka majini. Tulipomtoa, Mzee Makokha hakumgombeza. Alimwonyesha tu kule mabomba yanakoelekea, akamwambia, "Huko kuna mama anachota maji ya kupikia sasa hivi." Tukashinda tukisukuma lile povu kwa fagio kulirudisha juu, kwenye nyasi. Nanyi kumbukeni, bwawa lenu nalo lina watu chini yake. Mchanga na brashi vinatosha.

Niwaambie pia juu ya ugeni mmoja, kwa sababu ulinionyesha kwamba hekima ya miguu haichagui mtu. Mkubwa mmoja wa wilaya alikuja kutembelea bwawa. Mnajua siku zile mkubwa akija inakuwaje. Wanafunzi waliimba, vijana wa chama wakasimama na fimbo zao, na sisi tulikuwa tumepaka mawe chokaa tangu alfajiri. Akasema anataka kupanda mashua. Alikuwa na suti na viatu vyeusi vya kung'aa. Bwana Kirwa akaniangalia, mimi nikamwangalia Mzee Makokha, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia mkubwa avue viatu mbele ya umati.

Mzee Makokha akamkaribia akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mheshimiwa, maji haya hayapendi viatu."

Halafu yule bwana akainama, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali vizuri, na akashuka ule mteremko kwa upande, hatua fupi, goti limekunjwa, hata fimbo hakuomba. "Nimechunga ng'ombe mtoni miaka mingi," akatuambia. Wote wakapiga makofi. Mimi, niliyekuwa nimekuja nyuma kushika mashua nikiwa na gambuti mpya nilizovaa kwa heshima ya siku hiyo, nikateleza nikapita karibu naye kama gunia. Mkubwa akanishika kola ya overoli. Sijui kama kuna dereva mwingine wa trekta katika wilaya nzima aliyewahi kuokolewa na ofisi ile kwa mkono.

Tukirudi kwenye kazi, kupandisha mashua ni kugumu kuliko kuishusha, na wengi huumia wakati huo kwa sababu wamechoka na wanafikiria nyumbani. Usiilete mashua kwa kasi. Iache ije polepole mpaka pua yake iguse roli ya mbele ya trela, na ifungwe hapo kabla winchi haijazunguka hata mara moja. Ikitoka majini, simama kidogo. Acha maji yamwagike, kwa sababu maji yakibaki ndani unavuta mashua mbili. Na watu wote wakae kando. Asikae mtu nyuma ya trela, wala kati ya trela na trekta, wala kwenye mstari wa waya. Mzee Makokha alichora kwa kidole hewani: "Waya ukikatika, unarudi kwa yule aliyesimama mbele yake. Hauulizi ni nani."

Yeye alistaafu kabla yangu akarudi kwao. Nilimtembelea mara moja, nikamkuta akitengeneza mashua ya jirani, akaniambia nisikae tu, nishike ubao ule upande wa pili. Tuliongea tukipiga misumari. Sasa amepumzika. Kila kitu ninachowaandikia hapa kilitoka kwake, mimi nimekibeba tu. Na siku niliyojua uzito wa nilichobebeshwa ilikuwa Jumapili moja ya mvua za masika, yeye akiwa bado kazini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Kila bwawa la udongo lina njia ya pembeni, mfereji wa saruji ambao maji yakizidi hupitia hapo badala ya kupita juu ya ukuta. Asubuhi hiyo tulikuta mfereji umezibwa. Upepo ulikuwa umesukuma magugu, miti iliyong'oka na matope mpaka vikashikana kama mkeka mnene mlangoni pake. Maji yalikuwa yanapanda. Bwana Kirwa alichomeka kijiti ukingoni, tukaangalia, na kijiti kikamezwa.

"Ukuta ni udongo," Kirwa akasema. "Maji yakianza kupita juu yake, utayeyuka kama sukari." Hakusema kilichokuwa chini ya ukuta. Sote tulikijua. Kulikuwa na boma la baba yake, mashamba ya watu wa Murang'a na Nyeri, shule, na watu wengi wakati huo walikuwa makanisani.

Simu ya ofisi ilikuwa imekufa tangu mvua ianze. Kirwa akamtuma mlinzi kwa baiskeli apite bondeni awaambie watu wapande juu. Kisha akasema, "Lazima tuingie na mashua tuukate ule mkeka."

Nilichukua fimbo nikaenda kuusalimia mpaka. Sikuuona. Mvua ilikuwa imeleta matope ya barabarani juu ya saruji, na mteremko wote, kutoka juu mpaka majini, ulikuwa utelezi mtupu. Hapakuwa na pakavu pa kuacha trekta.

"Mzee, leo mpaka umefika langoni," nikamwambia.

Akatembea kidogo na akala zake, akarudi. "Tutashuka hivyo hivyo. Gia ya chini kabisa. Na Wambui, ikianza kuteleza, utataka kukanyaga breki. Usikanyage. Gurudumu lililofungwa ni sleji tu, linaburutika. Liache lizunguke."

Nikaanza kushuka. Nusu ya mteremko nikasikia trekta inaniacha. Sijui niwaeleze vipi. Kiti kiko chini yako, usukani uko mikononi, lakini kitu chote kimeamua kwenda bila wewe. Mguu wangu ulienda kwenye breki wenyewe. Niliukanyaga. Magurudumu yakasimama, na tukazidi kuteleza, trela ikianza kwenda upande, upande ambao Kirwa alikuwa.

"Achilia," nikasikia Mzee Makokha akisema. Hakupaza sauti hata siku ile, au labda alipaza na mimi nikaisikia vile nilivyozoea. Nikaachilia. Magurudumu yakazunguka, yakapata kushika kidogo, trela ikanyooka. Tukaingia majini wote, trela, mashua, na trekta mpaka nusu ya magurudumu ya nyuma. Injini ikakohoa ikazima. Mashua ikaelea.

Nilishuka nikasimama majini. "Nimeizamisha trekta," nikasema.

"Umeelesha mashua," Mzee Makokha akajibu, tayari akiifungua. "Trekta itangoja."

Ukingoni, kando ya mteremko, palikuwa na nguzo ya chuma iliyojengewa saruji. Akachukua kamba ndefu ya mashua, akaizungusha kwenye nguzo mara mbili, akanipa mwisho wake.

"Usiifunge mkononi. Usiizungushe kiunoni. Nguzo ndiyo inashika, wewe unaiambia tu iachie au isiachie. Ukiona kasia limesimama wima, tunataka kurudi."

Wakaenda, yeye kwenye makasia, Kirwa mbele na panga na ndoano ya chuma. Nikawalegezea kamba kidogo kidogo. Walifika kwenye mkeka, nikaona panga la Kirwa likipanda na kushuka. Walivuta vipande kwa ndoano, wakavisukuma kando. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, isipokuwa mvua iliongezeka na ukingo wa bwawa ukazidi kusogea kwenye viatu vyangu.

Mkeka ulikatika ghafla. Nilisikia sauti kama lori linamwaga kokoto, na mfereji ukaanza kumeza maji, magugu, magogo, kila kitu. Na mashua ikaanza kwenda nayo. Kasia likasimama wima.

Kamba ikajinyoosha, ikalia kwenye nguzo. Nilishikilia. Nguzo ilibeba uzito wote kama alivyosema, na mashua ikasimama, pua ikinielekea, maji yakipasuka pande zote mbili. Lakini kushikilia si kuvuta. Nikiwa peke yangu singeweza kuwarudisha hata hatua moja, na trekta ambayo ingewavuta ilikuwa imekaa majini kimya. Kirwa na Mzee Makokha walikuwa wamelala chini ndani ya mashua. Niliona kofia ya Kirwa ikielea kuelekea mfereji, ikaingia, ikapotea.

Niliita. Sijui niliita nani.

Aliyetokea kwanza juu ya mteremko alikuwa Mama Jelimo, mwenye shamba la jirani, akiwa na nguo zake za kanisa na mwavuli. Mlinzi alikuwa amewafikia njiani. Badala ya kupanda mlimani, watu walikuwa wamekuja bwawani, wa kanisa lake na wa lile kanisa letu la upande wa pili wa barabara, wanaume kwa wanawake.

"Tufanye aje?" akaniuliza.

"Vueni viatu," nikasema. "Mtateleza. Tunahitaji kitu cha kukanyaga."

Akaangalia ule mteremko, akageuka akasema maneno machache kwa Kikalenjin, na vijana wawili wakakimbia ghalani kwake. Walirudi na mkokoteni umejaa marobota ya nyasi kavu ya ngano. Ilikuwa chakula cha ng'ombe wake mpaka majani yaote. Nilimwambia, "Mama, hiyo ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe watakula kesho," akasema, na akakata kamba ya robota la kwanza mwenyewe.

Wakatandaza nyasi mteremko wote, nene kama godoro. Viatu vya Jumapili vikapangwa kwenye majani pembeni, vyeusi, vya hudhurungi, vya kisigino. Watu wakashika mwisho wa kamba nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka karibu na lango. Mimi nikabaki kwenye nguzo kushika kila hatua waliyoipata, ili isipotee.

Mwanzoni hawakuvuta pamoja. Huyu anavuta, yule anapumzika. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu, Mzee Kariuki, aliyelima na maksai maisha yake yote, akatoka kwenye mstari akasimama kando akaanza kuwaita kama anavyoita maksai zake akilima, kwa majina yao, na ule mluzi wake. Watu wakacheka, na huku wanacheka wakavuta, mara moja, kwa nguvu moja. Kamba ikarudi. Akaita tena. Ikarudi tena. Wamama wa kanisa, walimu, wenye maduka, wote wakawa wanavuta kwa jina la maksai.

Mashua ilitoka kwenye mkondo kama jino linalong'oka. Ikagusa mteremko kando ya trekta, ikapanda juu ya nyasi. Hapo Mzee Makokha akainuka, akanionyesha kiganja, na nikaelewa. Nikasema wasimame. Kirwa akatoa kizibo. Maji yakamwagika. Hata siku hiyo, baada ya yote hayo, mashua ilingoja maji yatoke kwanza. Halafu tukavuta mpaka juu kabisa, kwenye majani.

Maji ya bwawa yalikuwa yameanza kushuka. Ukuta ulisimama. Bondeni hakuna jiko lililolowa isipokuwa kwa mvua.

Kilichobaki nami zaidi ni kwamba mashua ilipofika juu, hakuna aliyeachilia kamba. Watu walisimama vile vile, mstari mzima, wakipumua. Miaka iliyofuata ilileta siku ambazo majirani wa upande ule hawakuaminiana, nanyi mmezisikia majumbani kwenu. Sitaziandika hapa. Ninaandika kwamba niliwaona kwa macho yangu wakishika kamba moja, na kwamba mimi, mtoto wa wahamiaji, na Kirwa, na mzee aliyetoka kwenye maji ya mbali, tunadaiwa shukrani na kila mmoja wao. Nimewashukuru wengi wakiwa hai. Waliobaki nawashukuru kupitia nyinyi, maana baadhi yenu ni wajukuu wao, na nadhani hamkuwahi kuambiwa.

Mzee Makokha alishuka kutoka kwenye mashua, mguu mmoja ukichechemea. Alianzia mwanzo wa ile kamba akaenda mpaka mwisho, akimpa kila mtu mkono. Viganja vyao vilikuwa vimechubuka kwa kamba, na vyake kwa makasia, kwa hivyo kila aliyesalimiana naye alikunja uso kidogo, halafu akatabasamu. Alipomfikia Mama Jelimo alimshika kwa mikono yote miwili.

"Karibuni ofisini," akawaambia wote. "Mnywe chai."

Bwana Kirwa, bila kofia, akitiririka, akahesabu umati kwa macho akaja akamnong'oneza, "Mzee, hawa ni watu wengi. Chai haitatosha."

Mzee Makokha akageuka akaangalia bwawa.

"Tutaongeza maji," akasema.